Daftari Halina Saa

Taarifa ya kifo cha Dakta Elirehema iliingia kwenye grupu la darasa letu saa nne asubuhi, ikakuta grupu limelala. Kwa miaka mingi halikuwa na kazi nyingine ila salamu za sikukuu, matangazo ya watu wanaouza magodoro, na sala ndefu ambazo hakuna anayezisoma mpaka mwisho. Nilikuwa ofisini nikisahihisha kazi za wanafunzi wangu, kazi ambazo nao huzituma kwa njia ile ile tuliyofundishwa na marehemu, na mtandao wa ofisi ulikuwa umegoma tangu nilipofika, nikawa natumia bando la simu. Nilisoma jina lake mara mbili. Ndani ya dakika chache wenzangu walikuwa wameshamimina picha za mishumaa na viganja vilivyofumbatana, na mmoja akaandika kwamba Dakta alitutoa gizani, wengine wakaitikia amina. Mimi niliandika sentensi nne, nikazifuta moja baada ya nyingine. Kila nilipoanza kumsifu, jina la Hadija lilitangulia, na Hadija hakuwamo kwenye lile grupu. Hakuwahi kuwamo. Mwaka tuliosoma naye alikuwa na simu ya vitufe, kitochi kilichofungwa raba kuzuia betri isidondoke.

Wanafunzi wangu huniuliza kwa nini nina hasira na mfumo wa kompyuta kuliko walimu wengine, ilhali mimi ndiye ninayeufahamu zaidi. Nimekuwa nikiwasimulia kisa cha Hadija kwa miaka, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa pamoja na mwenzake. Huwa nawaambia kwamba mfumo ulimla rafiki yangu, akiwa na akili kuliko darasa zima. Wanacheka kidogo, wanasikitika kidogo, kisha wanarudi kwenye simu zao. Nakiandika hapa kama kilivyotokea, kwa sababu nilikwenda kwenye mazishi nikiamini nakijua chote.

Chuo chetu kilikuwa tawi dogo tu, majengo manne chini ya mlima, nje kidogo ya mji wa Same, mahali ambapo upepo huingia na vumbi hata ukifunga madirisha. Chumba tulichopangiwa mimi na Hadija mwaka wa pili kilikuwa na vitanda viwili vya chuma, meza moja yenye mguu uliotegemezwa kwa kipande cha tofali, na soketi moja ya umeme iliyokuwa juu kabisa karibu na dari, kana kwamba fundi aliyeiweka alitaka kutukomoa. Ili kuchaji simu yangu ilibidi nipande kitandani kwa Hadija. Yeye alikuwa binti wa mfanyabiashara wa hapo hapo mjini, mtu wa vitenge na vyombo vya plastiki, lakini alilelewa Maore na bibi yake aliyelima mpunga, na mazungumzo yake yote yalitoka kule tambarare. Mimi nilitoka juu Ugweno. Alikuwa akinitania kwamba sisi watu wa mlimani tunadhani maji yanaishia pale tunapoacha kuyaona.

Mchana wa joto tulikuwa tunafungua mlango, tunaweka ndoo ya maji kwenye kizingiti ili upepo upite juu yake, tunakula mihogo ya kuchemsha aliyoletewa kutoka kwao, na Hadija anazungumza. Hakuwa mtu wa kusoma sana. Alisikiliza mhadhara mara moja akiwa ameegemeza shavu kwenye kiganja, akirudi chumbani anaueleza upya kwa mifano ya majirani wa bibi yake, na ghafla ule mhadhara unakuwa na maana. Mara nyingi wanafunzi wa vyumba vya jirani walikuja kusimama mlangoni na sahani zao mkononi, wakijifanya wamekuja kuomba chumvi.

Dakta Elirehema alirudi kutoka masomoni ng'ambo mwaka huo huo. Alivaa koti jua likiwa utosini, na alitufundisha somo la maendeleo ya jamii. Siku ya kwanza aliingia na projekta mkononi, akatangaza kwamba kwake hakutakuwa na karatasi. Kazi zote zitapandishwa kwenye mfumo wa chuo, mijadala yote itafanyika kwenye jukwaa la mtandaoni, na kila mwanafunzi atachangia kwa maandishi kabla ya saa sita mchana kila Ijumaa. Jumatano inayofuata ukurasa wa chuo wa mitandao ya kijamii utachapisha mchango bora wa wiki, na picha ya mwenyewe. Mtu mmoja nyuma akauliza, wasio na simujanja watafanyaje.

"Kuna kompyuta sita maktaba," Dakta akasema.

"Zinawaka mbili, Dakta."

"Basi mtapanga foleni kwenye hizo mbili." Kisha akaweka projekta chini, akazungumza kwa sauti nyingine. "Nisikilizeni. Mimi nilirudia mwaka mzima kwa sababu mwalimu wangu alipoteza karatasi yangu moja ya mtihani. Moja. Hakuna aliyeniamini kwamba niliifanya. Karatasi inapotea. Mfumo haupotezi kitu."

Alisema kwa uchungu wa kweli, na nilimwamini. Nilikuwa na simujanja niliyopewa na kaka yangu, nikajitolea kuwa mwakilishi wa darasa kwenye mambo ya mfumo. Kazi hiyo ilinipa sifa niliyokuwa sijawahi kuipata shuleni. Watu waliokuwa hawanisalimii walinifuata bwaloni, sahani ya wali na maharage mkononi, wanasema, "Namsifu, nimesahau neno la siri," "Namsifu, kaduara kanazunguka tu hakaingii." Nikawa najua maneno ya siri ya nusu ya darasa. Ya Hadija niliyajua kuliko yangu, kwa sababu akaunti yake niliiendesha mimi. Yeye aliandika mchango wake kwenye daftari la jalada la bluu, kwa mwandiko uliolala kulia, mimi nikauchapa kwenye simu yangu, nikautuma kwa jina lake. Kisha natoka, naingia kwa jina langu, natuma wa kwangu. Hatukuona ubaya. Nusu ya darasa iliishi hivyo.

Wiki ya sita swali lilikuwa kwa nini miradi ya maji vijijini hufa. Hadija alilijibu Jumatano, amekaa kitandani akisuka nywele zake mwenyewe bila kioo. Alisimulia ugomvi wa mfereji aliouona akiwa mtoto, watu wa juu walipofunga maji ya ndiva, lile bwawa la wazee wetu, na watu wa Maore wakapanda mlima kwa miguu kuuliza, wakakuta hakuna anayewajua. Kisha akasema, kama anayemalizia jambo dogo, "Mradi wa maji haufi siku bomba linapopasuka. Unakufa siku mtu wa juu anaposahau jina la mtu wa chini." Nilimwambia aiandike haraka kabla haijapotea. Akaiandika.

Ijumaa umeme ulikatika tangu alfajiri. Mimi sikuwa nimeandika mchango wangu. Wiki nzima nilikuwa nikihangaika na akaunti za wengine, na, kusema kweli, nilikuwa nikifurahia kuhangaika. Saa tano na nusu nilikuwa nimesimama nyuma ya jengo la utawala, mahali pekee ambapo mtandao ulikuwa unashika, simu ikiwa na chaji ya kubahatisha, daftari la Hadija limefunguliwa juu ya tofali nikalizuia kwa kiatu upepo usilifunge. Akaunti yangu ndiyo iliyokuwa wazi tayari. Kutoka na kuingia tena kungechukua dakika ambazo sikuwa nazo, au ndivyo nilivyojiambia. Nikachapa aya ya Hadija kwenye akaunti yangu, nikiwaza kwamba mfumo unaruhusu kurekebisha, nitaweka ya kwangu badala yake umeme ukirudi. Nikatuma. Kaduara kakazunguka, kakakubali. Nikatoka, nikaingia kwa jina la Hadija, nikabandika maneno yale yale, nikatuma. Yakakubaliwa pia. Nikarudi kwenye akaunti yangu ili nirekebishe, na simu ikazima mkononi.

Umeme ulirudi jioni. Jukwaa lilikuwa limefungwa.

Jumatatu Dakta aliwasha projekta akasoma mchango wangu mbele ya darasa. Aliisoma ile sentensi ya mtu wa juu na mtu wa chini mara mbili, ya pili polepole, kisha akanitazama kwa furaha ya mwalimu aliyepata alichokuwa akikitafuta. Watu walinipigia makofi. Hadija alikuwa safu ya pili kutoka mbele, hakugeuka. Nilitazama kisogo chake na ncha ya ushungi wake, nikangoja kuona kama atasimama. Kisha Dakta akabadilisha ukurasa na kusema kwa masikitiko kwamba mfumo umegundua mchango mmoja ulionakiliwa. Hakutaja jina, lakini kwenye ukuta jina lilikuwepo, na maneno chini yake yote yalikuwa mekundu. Akatoa siku saba kwa mwenye maelezo ayalete. Baada ya hapo alama zitafungwa.

Chumbani Hadija alikuwa anakunja nguo. "Utakwenda kumwambia leo?" aliniuliza.

"Nitakwenda. Leo ana kikao."

"Haya."

Kesho yake nikasema Dakta hayupo, na kweli hakuwepo. Jumatano ukurasa wa chuo ukachapisha picha yangu, ile iliyonipendeza, nimevaa blauzi ya kijani, na sentensi ya Hadija imeandikwa pembeni kwa herufi nyeupe, chini yake jina langu. Kufika saa nane mchana watu walikuwa wameipenda na kuisambaza kuliko kitu chochote kilichowahi kuwekwa pale. Mwalimu wangu wa shule ya msingi aliandika, "Huyu nimemfundisha mimi." Kaka yangu akapiga simu kutoka mjini. Mama akapiga kwa simu ya jirani kuniambia kwamba mchungaji ameyasoma yale maneno kwenye ibada ya katikati ya wiki, na watu wa Ugweno wamesema mtoto wetu ana hekima. Niliyapokea hayo yote nikiwa nimepanda juu ya kitanda cha Hadija, simu ikiwa kwenye chaji, na Hadija mwenyewe amekaa chini kwenye mkeka akimenya viazi. Alisikia kila neno la mama yangu. Nilipokata simu aliniuliza tu kama nitakula.

Alhamisi alikwenda mwenyewe. Nilijua kwa sababu alichukua daftari la bluu bila begi. Aliporudi alilitupa mezani, na ule mguu wa tofali ukayumba.

"Amesema daftari halina saa," akasema.

"Maana yake nini?"

"Nimemwonyesha mwandiko wangu. Amesema mwandiko ni mzuri, lakini daftari halionyeshi niliandika lini. Ningeweza kunakili kutoka kwako. Mfumo unaonyesha saa, na saa yako imetangulia yangu."

"Ulimwambia nani aliyetuma?"

Alinitazama. "Nilimwambia aliyetuma anajua. Nikadhani mengine utayamalizia wewe."

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilichofanya siku zilizofuata, na ninachokumbuka ni vitu vidogo vidogo vya kutia aibu. Nilifua mashuka. Nilisaidia watu wawili kubadilisha neno la siri. Nilisoma maoni mapya chini ya picha yangu, na yalipokwisha nikasoma ya zamani. Mara mbili nilifika mpaka mlango wa ofisi ya Dakta, nikasikia sauti yake ndani akiongea na mtu, nikafurahi kwamba ana mgeni. Siku ya saba ikapita. Siku ya kumi, ambayo ilikuwa Alhamisi, niligonga mlango nikaingia, nikamwambia kila kitu kwa pumzi moja, nimesimama.

Dakta Elirehema alivua miwani. Akageuza kompyuta yake kunionyesha. Mahali pa alama palikuwa pa kijivu, hapabonyezeki. "Mfumo ulifunga Jumatatu," akasema. "Hata mimi siwezi kuufungua."

"Dakta, mimi ndiye mwenye kosa. Nipe mimi sifuri."

"Hiyo nayo siwezi kuiingiza."

Hapo ndipo tulipoanza kuzunguka, na hasira ya mzunguko ule ninayo mpaka leo. Afisa wa TEHAMA, kijana mpole aliyekaa kwenye chumba chenye feni tatu zilizokufa, alisema kufungua alama ni kazi ya makao makuu ya chuo, na makao makuu hayapokei barua ya mkono, yanapokea maombi kupitia akaunti ya mwanafunzi husika. Akaunti ya Hadija ilikuwa imezuiwa kwa sababu ya kesi ya kunakili. Ili ifunguliwe tena ilibidi kesi iishe. Ili kesi iishe ilibidi maombi yaingie. Nilimwuliza kama anasikia anachokisema. "Nasikia, dada," akajibu, "sikuutengeneza mimi." Tulirudi kwake mara tano. Mara moja alituambia turudi baada ya mfumo kuhuishwa. Mara nyingine makao makuu waliandika kwamba maombi yetu, aliyotutumia afisa kwa barua pepe, hayaonekani, wakaambatisha picha ya skrini iliyoyaonyesha. Hadija alikuwa anakuja nami mwanzoni. Baadaye akawa ananiambia niende peke yangu, kwa upole uliokuwa unaniumiza kuliko matusi. Mitihani ilipofika, jina lake halikuwamo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuufanya mtihani wa somo lile, na kwa kanuni za wakati ule ilimaanisha arudie mwaka. Baba yake alikuja na gari dogo la dukani kuchukua godoro na ndoo. Alinisalimia vizuri, akanishukuru kwa kuishi na mwanawe. Hakuwa ameambiwa.

Likizo niliporudi Ugweno sikukaa. Wiki ya pili nilichukua bodaboda mpaka Usangi, kwao Dakta, nikiwa na daftari la bluu ambalo Hadija aliliacha chini ya kitanda. Sikuwa na mpango wowote, nilitaka tu mtu aniambie la kufanya. Nyumba yao ilikuwa kwenye mteremko, migomba mbele, ukungu umeshuka mpaka kwenye bati. Mama yake alinipokea, nikamwamkia, akanikaribisha jikoni ambako makande yalikuwa yanatokota. Nilimwuliza Dakta yuko wapi.

"Yuko huko nyuma ya zizi," akasema. "Tangu jana anazunguka na hiyo simu kama anatafuta mbuzi aliyepotea. Anasema kuna ripoti lazima ifike chuoni leo, na huko juu ndiko kuna mtandao. Jana ulikuwa kwenye mparachichi. Leo umehama."

Nilimwona kupitia dirishani. Alikuwa ameinua simu juu ya kichwa, koti limelowa ukungu, anasogea hatua moja kushoto, hatua moja kulia. Aliponiona aliishusha kama mtu aliyekutwa akifanya jambo la aibu. Alikuja, akakaa kwenye kigoda, akalifungua daftari, akalisoma lote kuanzia mwanzo, siyo ile aya peke yake. Lilikuwa na michango ya wiki sita, mingine ina mistari iliyokatwa na kuandikwa upya pembeni. Mama yake alitupakulia makande, akaniambia nile kabla hayajapoa. Baadaye nilitoka kunawa, na nikiwa pale nje kwenye mtungi niliwasikia wakizungumza ndani. Walianza kwa Kipare, kisha wakahamia Kiswahili, labda kwa sababu maneno ya chuo hayana Kipare.

"Huyo binti wa Same, ulimwona akiandika?" mama aliuliza.

"Sikumwona, mama."

"Na huyu aliyekuja, ulimwona?"

"Sikumwona. Wanaandikia huko huko kwao."

"Sasa ulisahihisha nini?"

Nilikaa nje mpaka mikono ikakauka yenyewe. Dakta alipotoka alikuwa amebeba karatasi mbili alizoziandika kwa mkono, na kuzisaini. Alisema atazipeleka makao makuu mwenyewe, kwa basi, na atakaa kwenye benchi mpaka mtu azipokee. Alisema pia jambo ambalo sikulitegemea: "Ulichelewa siku tatu, binti. Nami nilichelewa tangu siku ya kwanza. Ningekuja tu kumsikiliza akiongea dakika tano, ningejua ni maneno ya nani."

Mwaka wa tatu ulipoanza nilimwona Dakta koridoni, nikamwuliza. Akasema makao makuu wamekubali, barua ya kumrudisha Hadija imetoka. Nilisafisha upande wake wa chumba. Niliondoa vitu vyangu kitandani kwake, nikafuta vumbi kila asubuhi kwa wiki mbili, kisha kila wiki. Hakuja. Sikwenda dukani kwao kuuliza, ingawa ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Nilijiambia kwamba barua ilikwama mahali, kama kila kitu kilivyokwama kwenye chuo kile, na kadiri miaka ilivyopita nikawa na uhakika. Hivyo ndivyo nilivyowasimulia wanafunzi wangu. Kwenye simulizi yangu mimi nilikuwa yule aliyegonga milango.

Mazishi yalikuwa Usangi, nyumba ile ile, sasa imeongezwa baraza la saruji. Wanaume walikaa kwenye viti chini ya turubai, sisi kwenye mikeka karibu na jiko la nje. Wenzangu wa darasa walikuja saba, wakapiga picha ya pamoja kwa ajili ya grupu. Baada ya kuzika, wakati wa chakula, niliona mwanamke mnene kidogo, baibui jeusi, amekaa peke yake pembeni ya mkeka akipuliza chai. Nilimjua kwa jinsi alivyoegemeza shavu kwenye kiganja.

"Pole na msiba, Hadija," nikasema.

"Tumeshapoa, Namsifu. Kaa."

Nilikaa. Aliniuliza habari za watoto, nikamwuliza za kwake. Alikuwa ananunua tangawizi kutoka vijiji vya juu na kuipeleka sokoni mijini, na alisema wakulima wake wote anawasiliana nao kwa ujumbe wa sauti, maana kuandika kunamchosha. Alisema hivyo bila kinyongo. Nikamwambia nimeshangaa kumwona, sikujua kwamba alikuwa na mawasiliano na Dakta.

"Alikuwa anapita dukani kila akishuka Same," akasema. "Tangu ile siku aliyoniletea barua."

"Barua gani?"

"Ya chuo. Ya kurudi. Aliileta mwenyewe mkononi, hakutaka kuituma. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akanywa chai, akaniomba radhi mbele ya baba."

Niliweka sahani chini. "Nilidhani haikufika," nikasema. "Miaka yote hii nilidhani haikufika."

"Ilifika. Ilikuwa na kurasa mbili. Ya pili ilikuwa ya malazi, imeandikwa nitalala chumba kile kile, na wewe."

"Ungeomba kubadilishiwa chumba."

"Chumba hakikuwa na kosa," akasema.

Wanawake waliokuwa wakigawa chakula walipita, mmoja akatuongezea chai bila kuuliza. Hadija alimshukuru. Kisha akanigeukia, na kwa mara ya kwanza akaniuliza swali ambalo hakuwahi kuniuliza wakati tukilala kila mmoja hatua mbili kutoka kwa mwenzake. "Zile siku kumi, Namsifu. Ulikuwa na nini?"

Nikaanza kumweleza. Nilimweleza habari ya umeme kukatika, na simu kuzima, na akaunti yangu kuwa ndiyo iliyokuwa wazi. Nilimweleza jinsi Dakta alivyokuwa na vikao, na jinsi mfumo ulivyofungwa bila kutuonya, na afisa wa TEHAMA, na makao makuu, na picha ya skrini. Yalikuwa maneno niliyoyazoea, yalitoka yamepangika, na alinisikiliza yote bila kunikatiza, akinitazama usoni. Katikati ya habari ya makao makuu nikaisikia sauti yangu mwenyewe. Nikanyamaza.

"Nilipenda kusifiwa," nikasema. "Mama alipopiga simu, nilitaka iwe kweli."

Hadija alitikisa kichwa taratibu, akaweka kikombe chini.

"Hilo ungeniambia siku ile ile, nikiwa pale chini namenya viazi," akasema, "tungecheka, tukaenda wote kwa Dakta."

Akajifunga vizuri mtandio wake, akasimama, akaenda kumshika mkono mama wa marehemu, ambaye alikuwa amekaa mlangoni akiuliza kila anayepita kama ameshakula.